Kamera ya Zein Ina Nini?

Mfungo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, ulikuwa umefika katikati, na jua la kaskazi lilishaanza kuzichoma kuta za Ndia Kuu ingawa ilikuwa saa tatu ya asubuhi tu. Pale uchochoro unapoingia ndia kubwa, mkabala na duka la kinyozi, palikuwa na benchi refu lenye mguu mmoja uliovunjika ukasaidiwa na jiwe. Mbele yake palikuwa na jiko la makaa, na juu ya jiko dele la shaba la Tangawizi, muuza kahawa, ambaye jina lake la kuzaliwa hata yeye mwenyewe aliliitikia kwa shida. Upande wa ukuta, penye kivuli, alikaa Abdulghafur, aliyekuwa mkalimani wa kortini miaka ishirini na saba, akatoka huko na pensheni na tabia ya kukata hukumu. Watu wakamwita Hakimu. Katikati alikaa Kahindi, aliyeendesha winchi bandarini mpaka kamba ikamla vidole viwili, naye jina la Winchi likamganda kama gamba. Na upande wa ndia, panapopigwa na jua, alikaa Zein mpiga picha, kamera mapajani, amechoka kabla siku haijaanza. Mwaka ulikuwa 1966.

— Ati imerudishwa tena? — Hakimu aliuliza, ingawa habari alikuwa nayo tangu jana alasiri.

— Imerudishwa, — Zein akasema.

— Mara ya pili?

— Mara ya pili.

— Na sababu?

— Ile ile. Sura haijulikani ya nani.

Tangawizi akamimina kahawa, akakitia kikombe mkononi mwa Zein. Hakukiweka benchini. Alikuwa na desturi hiyo siku nyingi sasa, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Picha iliyorudishwa ilikuwa ya paspoti ya Bimdogo, mjane wa nyumba ya tatu uchochoroni. Bimdogo alishona kofia miaka kumi na minane, kofia baada ya kofia, ili aende Makka kuhiji. Mwaka huu ndipo safari yake ilipotimia. Alikwishaandikwa katika msafara, alikwishaaga nusu ya mji, na kilichobaki ni paspoti. Kiongozi wa msafara alisema karatasi zote ziwe afisini kabla ya adhuhuri ya Ijumaa. Na leo ilikuwa Alhamisi.

Mtu angeuliza, kwani Mombasa nzima hakuna mpiga picha mwengine? Wako. Lakini Bimdogo hakuwahi kuufunua uso wake mbele ya mwanamume asiyekuwa wake, na hakutaka kuanza safari ya Makka kwa kuufunua katika studio ya mtu baki. Zein alikuwa nduguye wa kunyonya. Mamake Zein alikufa siku aliyomzaa, na mamake Bimdogo akampakata mtoto yule pamoja na wake, huyu ziwa hili na huyu ziwa hili. Kisheria ni kaka yake. Kwa hivyo katika kisiwa chote kulikuwa na kamera moja tu iliyoweza kumpiga picha Bimdogo, nayo ndiyo ile iliyokuwa mapajani mwa Zein.

Kamera yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, ya kabla ya vita. Zein aliinunua mwaka 1951 kwa fundi wa meli, Mgiriki, aliyechoka kuibeba. Yote ilikuwa chuma, springi na kitambaa, haina betri wala taa. Hukuitia jichoni kama kamera za siku hizi. Uliishika kifuani, ukafungua kifuniko cha juu, ukainama kuchungulia ndani kama mtu anayechungulia chungu jikoni. Mle chini palikuwa na kioo, na mtu uliyemwelekea ukamwona pale kiooni, mzima, ila mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Ukazungusha pete ya mbele mpaka sura ikatulia. Hapo ukabonyeza. Kijiwe kizima kiliiita Mjerumani.

— Mimi nshasema, — Tangawizi akaanza, — ni hewa ya chumvi. Vioo vimeota ukungu ndani. Redio ya marehemu shemegi yangu ilikufa vivyo hivyo.

— Redio ina kioo gani? — Winchi akauliza.

— Ina sauti. Sauti nayo yaota ukungu. Mwisho mwisho ilikuwa ikisoma habari utadhani msomaji ametumbukia kisimani.

— Chumvi haina kosa, — Winchi akasema. — Niulizeni mimi, nimekula na mashine. Zein, kile kioo cha ndani, ukibonyeza si chainuka?

— Chainuka kipishe picha.

— Basi kimelegea. Winchi ikilegea kamba, wewe wavuta sasa, mzigo wainuka baadaye. Na Mjerumani ndivyo alivyo. Zein abonyeza sasa, picha yapigwa baadaye, Bimdogo alikwishatikisa kichwa zamani.

— Baadaye kiasi gani?

— Tuseme dakika.

— Dakika nzima! — Hakimu akacheka kwa pua. — Basi Zein akienda kupiga harusi ataleta talaka.

Walicheka. Hata Zein akatabasamu kidogo, maana ndivyo inavyotakiwa mtu afanye. Vidole vyake vilikuwa vikiipapasa kamera, pembe kwa pembe, kama mtu anayeshika tasbihi bila ya kuhesabu.

Hakimu akajisogeza mbele. Alipotaka kusema jambo kubwa alikuwa akizishika ncha za koti lake kwanza.

— Nyote mwapita kando. Kamera hii imetengenezwa wapi?

— Ujerumani, — Zein akasema.

— Ujerumani upi?

— Wakati ule ulikuwa mmoja.

— Ahaa! Iliondoka kwao ni nchi moja. Sasa ni mbili, na ukuta katikati. Nyinyi hapa juzi mliambiwa kila mtu achague awe raia wa wapi, mkajaza karatasi, mkapiga mihuri. Kamera hii nani aliyeiuliza? Haijui ni ya upande gani. Ndiyo maana kila sura yaitoa mara mbili, moja ya huku na moja ya kule, zimepandana.

— Na habari ya ukuta imeipata wapi? — Winchi akauliza. — Yasoma magazeti?

— Chuma chahisi, bwana.

— Hata hilo ni dogo, — Tangawizi akasema, akiwa amechutama mbele ya jiko, macho yamo motoni. — Mimi nawaambia imejaa. Miaka kumi na tano mji wote huu umepita mle kiooni. Mabibi harusi, mayatima, watu wa madrasa, waliokufa, waliohamia Zanzibar, waliokimbia Zanzibar. Mwadhani sura hizo zaenda wapi? Zabaki mle, kama masizi ya dele. Sasa akija mtu mpya, yuko nyuma ya wale wote. Bimdogo hana ila. Yuko nyuma ya foleni.

Zein alikunywa kahawa yake. Ilikuwa chungu na ya moto, na aliimaliza upesi ili apate sababu ya kuinamisha uso.

Yeye aliyajua. Mjerumani hakuwa na chumvi, wala kamba iliyolegea, wala nchi mbili. Mjerumani alikuwa mzima kama siku aliyotoka mkononi mwa yule Mgiriki. Macho ya Zein ndiyo yaliyokufa. Yalianza kabla ya Ramadhani ya mwaka uliopita, taa za barabarani zikaota nywele. Kisha nyuso za watu zikaingia maziwa. Na sasa akiinama juu ya kioo kile akaizungusha pete, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hapakuwa na mahali sura ilipotulia. Ilikuwa ukungu, na ukungu, na ukungu, naye akachagua mahali pamoja kwa kubahatisha, akabonyeza.

Nje juani mambo yalikwenda. Jua likiwa kali, tundu la kamera lawa dogo, na kamera yenyewe yasamehe mengi. Lakini Bimdogo hukaa ndani, kwenye kivuli, na kivulini tundu hufunguliwa lote, na hapo ukikosea kiasi cha shubiri moja uso wa mtu wawa kama sabuni iliyolowana.

Hakuwaambia. Siku ile ya kwanza Winchi aliposema, "Zein, Mjerumani wako yuwaumwa," alinyamaza, naye akajisemea kuwa atawaambia kesho. Kesho wakaja na dawa za kamera. Kesho kutwa wakaja na sababu. Na alikuwa amechoka. Kuwaeleza watu jambo kama lile kulitaka nguvu, na yeye nguvu zake zote zilikwenda katika kutambua ngazi iko wapi na mtu anayemsalimu ni nani.

— Au labda, — Hakimu akasema polepole, akiziachia ncha za koti, — jambo hili si la kamera.

— Ni la nini?

— Picha mara mbili, na mara mbili yakataliwa. Mtu haendi kule kwa paspoti tu. Mtu huitwa. Labda Bimdogo hajaitwa.

Hapakuwa na aliyecheka. Tangawizi akanong'ona, "Allahu aalam." Winchi, ambaye dini yake ilikuwa nyengine, akatazama chini kwa heshima.

Maneno hayo Zein alikuwa ameyasikia jana, na hayakutoka kwa Hakimu. Jana alasiri alipompelekea Bimdogo picha iliyorudishwa, Bimdogo aliishika kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Labda sikuitwa, Zein." Kisha Zein akasikia mlio wa kifuniko cha sanduku. Bimdogo alikuwa akizirudisha nguo zake nyeupe za safari. Naye Zein, kaka yake, alisimama pale mlangoni akasema, "Tutapiga nyengine," kama mtu anayeagiza mkate.

— Salaam aleikum wazee. Hamjambo?

Alikuwa msichana, mgeni. Walijua kwa sauti kabla ya kumtazama. Gauni la maua, viatu vya kufunga, mkoba mkononi. Alisimama kando ya benchi kwa adabu, kama asiyejua kama wanawake huruhusiwa kusimama pale.

— Aleikum salaam, — Hakimu akaitikia. — Karibu, binti. Watoka wapi?

— Naitwa Nasipwondi. Nafanya kazi stesheni ya reli, kwenye simu, naunganisha watu. Lakini kwetu ni Bungoma. Nimeambiwa nimtafute mzee Zein wa picha.

— Ndiye huyu, — Winchi akasema.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mama yangu ako nyumbani, hajaniona mwaka mzima. Ameandikiwa barua ati huku Mombasa nimekonda. Nataka nimtumie picha aone sijakonda. Zamu yangu inaanza saa saba.

— Umekuja siku mbaya, — Tangawizi akamwambia. — Kamera ni mgonjwa.

— Inaumwa na nini?

— Chumvi, — akasema Tangawizi.

— Kamba, — akasema Winchi.

— Uraia, — akasema Hakimu.

Walisema pamoja. Nasipwondi akawatazama mmoja mmoja kuona kama wanamchezea, akaona wazee watatu wenye nyuso za kweli kabisa.

— Naweza kuiona?

Zein hakujua kwa nini alimpa. Baadaye alipofikiri, aliona ni kwa sababu shingo ilimuuma. Aliuvua mkanda wa ngozi, akainyoosha kamera mbele yake, na uzito ule ukamtoka, mikono ya mtu mwengine ikaupokea.

— Hapo juu pana kifuniko. Kifungue. Sasa inama uchungulie.

Nasipwondi akainama.

— Naona ukungu tu.

— Umeona? — Tangawizi akasema. — Chumvi.

— Zungusha pete ya mbele, — Zein akasema. — Polepole. Usiikimbize.

Msichana alikuwa ameielekeza kamera ng'ambo ya ndia, kwa kinyozi. Pete ikazunguka. Zein aliusikia mlio wake mdogo wa mafuta na chuma, akajua hasa iko wapi: futi ishirini, futi ishirini na tano.

— Inakuja, — akasema Nasipwondi. — Inakuja… Kuna ubao. Ki… Kinyozi! Lakini neno limeandikwa nyuma mbele, linaanza huku kulia kama Kiarabu. Chini kuna herufi ndogo: "Nywele na ndevu, subira kidogo." Na ndani kuna baba ananyolewa, ana kovu hapa kwa kidevu. Ai! Naona mpaka inzi kwenye kioo chake.

Akainua uso, amefurahi. Kisha furaha ikampungua, maana hakuna aliyefurahi naye.

— Mbona inaona vizuri? — akauliza. — Sasa kinachoumwa ni nini?

Hakimu alizishika ncha za koti lake, akaziachia, kama siku zile za kortini shahidi aliposema neno lisilo na tafsiri. Winchi akatazama mahali vilipokuwa vidole vyake. Tangawizi akashika kipepeo akaupepea moto ambao haukuhitaji kupepewa. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Zein. Na kwa sababu hakuna aliyemtazama, Zein akajua kuwa wote wamekwisha kufahamu.

Aliinuka. Alitafuta ukuta kwa mkono, na mara hii hakujisumbua kuficha.

— Mwanangu, — akamwambia Nasipwondi, — picha yako ntakupiga leo hii. Lakini kwanza nisaidie kazi moja. Ni hapo tu, nyumba ya tatu. Kamera ibebe wewe.

Wakaondoka.

Bimdogo alikuwa uani, amekaa juu ya mkeka, kofia isiyokwisha mkononi. Zein alipiga hodi, akasema amekuja na mgeni wa kike, wakakaribishwa.

— Kama umekuja kuniambia niyaache, — Bimdogo akasema bila ya kuinua kichwa, — nshayaacha. Nimeshika kazi yangu. Asiyeitwa hakasiriki.

— Umeitwa, — Zein akasema.

— Nani aliyekwambia?

— Kamera haina neno, Bimdogo. Kosa ni mimi. Sioni.

Sindano ikasimama.

— Huoni nini?

— Uso wako sasa hivi siuoni. Naona weupe wa mtandio, basi. Uso naujua kwa kuukumbuka.

— Mato yako yamekuwaje?

— Yameingia ukungu. Tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana.

Bimdogo aliinuka. Zein alimsikia akija, akasikia harufu yake ya udi na uzi mpya. Akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mchafu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama ndani ya macho, la kulia kisha la kushoto. Alimtazama kwa muda. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya hasira.

— Siku nne, Zein. Siku nne nakesha juu ya msala namuuliza Mola wangu kosa langu ni lipi. Nimewapitia watu wote niliopata kuwakosea, mpaka mke wa kwanza wa marehemu mume wangu nimempelekea salamu za radhi. Na wewe umekaa pale benchini, wanywa kahawa.

— Ndiyo.

— Wamsingizia Mjerumani.

— Hata kumsingizia sikumsingizia. Walisema wao, mimi nikanyamaza.

— Kwa nini?

Zein alifikiri. Mgeni alikuwepo, naye hakupenda kusema mambo haya mbele ya mtu wa Bungoma aliyekuja kutafuta picha. Lakini alikuwa amechoka kuchagua maneno.

— Nikisema ndiyo imekwisha, — akasema. — Maadamu kamera ndiyo mbovu, mimi ni mpiga picha mwenye kamera mbovu. Kamera ikiwa nzima, mimi ni nani?

Bimdogo hakumwambia yamekwisha wala hakumwambia yasirudie. Alimwachia kidevu, akamgeukia msichana.

— Waitwaje, mwanangu?

— Nasipwondi, bibi.

— Na kamera hiyo waiona vyema?

— Naiona.

— Basi nitazame wewe, yeye abonyeze. Na mfanye haraka, jua lile ukutani haliningoji mimi.

Kazi ya mwanga Zein aliijua bila macho. Alisimama kwenye mlango wa uani mpaka akahisi joto linalorudi kutoka ukuta mweupe likimgusa shavu moja tu. Hapo akaagiza kiti kiwekwe. Alimweka Bimdogo ubavu kidogo, kisha akamwambia ageuke uso mzima, maana afisi yataka masikio mawili. Tundu akalifungua kwa kidole, akihesabu vituo vyake kimoja kimoja. Nasipwondi akamsomea namba ya mwendo, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga. Kisha wakasimama hivyo, msichana ameishika kamera kifuani na kuiinamia, na mzee pembeni yake, kidole chake kimoja kimefika juu ya kitufe, vyengine havina kazi.

Bimdogo akaufunua uso.

— Zungusha, — Zein akanong'ona. — Wajua utazame nini? Utazame macho yake. Nywele za macho zikihesabika, sema.

Pete ikalia. Ikapita, ikarudi.

— Zinahesabika. Sasa.

Akabonyeza. Mjerumani akalia ule mlio wake, *chaka*, kama kufuli la sanduku.

— Imezima! — Nasipwondi akapiga ukelele. — Mzee, nimeiharibu! Giza tupu!

— Hujaharibu kitu. Ni kawaida yake. Kile kioo kimeinuka kupisha picha, nacho hakishuki chenyewe. Vuta mkono ule wa kushoto, mpaka mwisho.

Akavuta. Springi ikakaza, filamu ikasogea, kioo kikashuka, na mwanga ukarudi ndani.

— Amerudi, — akasema Nasipwondi kwa sauti ya mtu aliyepona.

— Yuwafanya nini? — Zein akauliza.

— Anakutazama wewe.

Walipiga tatu zaidi kwa usalama. Kisha ikafika zamu ya msichana, na hapo ikawa tatizo, maana hakuweza kuwa nyuma ya kamera na mbele yake. Zein akamfundisha. Aliiweka kamera juu ya kiti na mito miwili, akamwambia ailenge nguzo ya uani mpaka aone nyufa za chokaa, kisha asiiguse tena pete, aende akasimame pale pale penye nguzo. Bimdogo alimtengeneza ukosi wa gauni, akampaka kidogo mafuta ya nazi usoni ili mama huko aone mtoto anang'aa. Zein akabonyeza. Hakuna aliyekuwa na hakika, lakini nguzo haikusogea.

Filamu aliiosha mchana ule ule, katika chumba chake kidogo chini ya ngazi. Kazi ya gizani haikuwa na ubaguzi: pale mtu mwenye macho na asiye nayo wote hutumia vidole. Mashine ya kukuzia picha ilikuwa na alama aliyoikata kwa wembe miaka mingi nyuma, kipimo cha paspoti, kwa hivyo haikumtaka aone. Alihesabu moja mpaka arubaini, akaitoa karatasi katika dawa, akahesabu tena. Picha zilipokauka hakujua kama ni uso au ni sabuni. Alizitia katika bahasha akampelekea Bimdogo.

Akasimama mlangoni. Akasikia karatasi ikitolewa.

— Zein.

— Naam.

— Nimezeeka hivi na hakuna aliyeniambia?

Zein akaegemea mlango.

— Ni wewe?

— Ni mimi, mpaka na chunjua ya shavuni. Hao watu wa afisi wataniona kuliko alivyoniona marehemu mume wangu.

Siku ya pili, Ijumaa, picha zilipelekwa asubuhi. Karani alizitazama mara moja tu, akazibandika, akapiga mhuri kabla ya adhuhuri. Nasipwondi naye alipita kuchukua ya kwake kabla ya kuingia zamu. Alikuwa ametokea mzima, ila amekunja uso kidogo kwa jua, akasema haidhuru, mama atajua ndiye. Aliuliza kama aje Jumamosi, siku yake ya mapumziko, kama kutakuwa na mtu wa kupigwa. Zein alimwambia atamjulisha. Hakujua kama atamjulisha.

Alasiri ile alikwenda kijiweni kama kawaida. Alipokaribia, mazungumzo yakakatika. Akakaa mahali pake, upande wa jua. Kamera hakuja nayo; aliiwacha nyumbani juu ya kabati, na mapaja yake yalikuwa mepesi, hakujua mikono aiweke wapi.

— Imekubaliwa, — akawaambia.

— Tumesikia, — Hakimu akasema. — Alhamdulillahi.

— Alhamdulillahi.

Watu walipita ndiani, wakasalimu, wakaitikiwa.

— Ni macho yangu, — Zein akasema.

— Tumejua.

— Tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana.

— Hatukujua, — Hakimu akasema, na sauti yake haikuwa ya hukumu. — Hilo ndilo tunaloulizana hapa tangu jana. Twakaa na wewe kila siku, asubuhi na alasiri. Mtu wa Bungoma amekuja kwa nusu saa.

— Mimi nilikuwa nampa kikombe mkononi, — Tangawizi akasema, kama anayejitetea. — Mkono wangu ulijua. Mimi sikujua.

Winchi akakohoa.

— Shangazi yangu kule Kaloleni lilimwingia jambo hilo hilo. Madaktari wakampasua, wakaondoa kile kitu kama ganda la yai. Sasa yuwapepeta mchele mwenyewe.

— Yuwaona?

— Yuwaona na miwani. Minene hivi. Lakini mawe ya mchele ayatoa.

— Ntakwenda, — Zein akasema.

— Lini? — Winchi akauliza.

Tangawizi akaliinua dele, akalitikisa, akaliinamisha juu ya kikombe cha Zein. Likatoa tone moja, na tone la pili likakawia, kisha basi.

— Imekwisha, — akasema. — Leo mmeninywa mpaka shaba.

Adhana ya magharibi haikuwa mbali. Hakimu akasimama, akazikung'uta ncha za koti lake, akakaa kwa muda bila ya kuondoka. Kisha akaja akasimama mbele ya Zein, karibu hata kivuli chake kikamfunika, akageuka, akampa bega.

— Twende, — akasema. — Pana ngazi tatu pale msikitini, na ya kati imevunjika tangu mvua za mwaka jana.

Zein alijua kuwa ya kati imevunjika. Alikuwa ameikwaa mara nyingi. Alinyoosha mkono, akalipata bega la Hakimu, likiwa gumu na lenye joto la mchana kutwa ukutani, akalishika, na wakaondoka polepole, Hakimu akipunguza hatua zake.